Kosa liko kwenye m au liko kwenye c?

Saa tatu asubuhi ni 9:00 kwenye simu. Saa nane mchana ni 14:00. Kila anayeishi kwa Kiswahili hufanya hesabu hii mara kadhaa kwa siku bila kuitaja: chukua saa yetu ya mchana, ongeza sita. Ukiiandika kwa herufi inakuwa y = x + 6, ambapo x ni saa ya Kiswahili na y ni saa ya kwenye simu. Huo ni mlinganyo wa mstari ulionyooka. Mteremko wake, yaani kiasi y inachobadilika x ikiongezeka kwa moja, ni 1, na mhimili wa y unakatwa kwenye 6.

Sasa basi linaondoka saa tatu na kufika saa nane. Safari ni ya saa tano. Kwa saa ya simu, 14 toa 9, jibu ni tano ileile. Ile sita imekwenda wapi? Ilikuwemo ndani ya 14 na ilikuwemo ndani ya 9, na tulipotoa ikajifuta. Hakuna mtu atakayekwambia kwamba safari ya saa tano kwa Kiswahili ni safari ya saa kumi na moja kwa Kizungu. Anajua, hata kama hajawahi kukaa darasani, kwamba sita inahusu mahali pa kuanzia kuhesabu na haihusu urefu wa safari.

Katika y = mx + c, ambapo m ni mteremko na c ni mahali mhimili wa y unapokatwa, hiyo ndiyo tofauti yote kati ya m na c. m inaishi kwenye tofauti za vipimo, c inaishi kwenye mahali pa kuanzia. Wanafunzi wengi wanaweza kutaja hilo wakiulizwa, ila hawalitumii, na wanapokosa jibu la maabara hawajui walitafute kosa upande gani. Waliosoma kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi wanaijua kama y = ax + b, na vitabu vya Marekani vinaandika y = mx + b. Herufi zisikusumbue. Angalia ipi imezidishwa na x na ipi imesimama peke yake.

Walioko Marekani wanakutana na jambo hilohilo kwenye kipimajoto. F = 1.8C + 32. Mtoto mwenye joto la nyuzi 38 za Selsiasi ana nyuzi 100.4 za Farenhaiti, na hapo 32 lazima iwemo. Lakini joto likipanda kwa nyuzi 2 za Selsiasi, kupanda huko ni nyuzi 3.6 za Farenhaiti, si 35.6. Anayeandika 35.6 ameichukua tofauti akaifanya kama usomaji, akaiingiza c mahali ambapo c imekwisha kujifuta. Ni kosa rahisi kulifanya, kwa sababu kikokotoo cha simu hakijui kama namba uliyokipa ni joto au ni tofauti ya joto. Na kwa sababu c hapa si sufuri, nyuzi 20 za Selsiasi si "joto mara mbili" ya nyuzi 10: kwa Farenhaiti ni 68 na 50, na 68 si mara mbili ya 50. Kanuni ya uwiano tuliyofundishwa shule ya msingi inafanya kazi pale tu mstari unapopita kwenye sufuri.

Neno mteremko lenyewe

Barabarani mteremko ni kushuka. Dereva akisema kuna mteremko mbele, anashika breki. Kwenye grafu mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia nao una mteremko, na mteremko huo ni chanya. Unaoshuka una mteremko hasi. Uliolala una mteremko 0. Na uliosimama wima hauna mteremko kabisa, kwa sababu utalazimika kugawa kwa sufuri. Mwanafunzi anayeanza akiliacha neno la barabarani limtawale, ataweka alama ya kutoa kwenye mstari unaopanda. Dawa ni kusoma grafu kama unavyosoma sentensi, kushoto kwenda kulia, kisha kujiuliza: ninapoendelea mbele, y inaongezeka au inapungua?

Jambo la pili, mteremko wa kwenye grafu si pembe. Kuna wanaochukua protrakta, wanapima pembe kati ya mstari na mhimili, halafu wanatafuta tanjenti yake. Jibu hilo halina maana, kwa sababu ukibadilisha skeli mstari uleule unaonekana mkali au mpole. Skeli ya sentimita 1 kwa volti 1 na ya sentimita 1 kwa volti 0.1 zitakupa pembe tofauti kabisa kwa betri moja. Mteremko unasomwa kwa namba zilizoandikwa kwenye mihimili, na una kizio chake: kizio cha y kwa kila kizio cha x. Kilo kwa siku. Volti kwa ampea. Shilingi kwa kilomita. c nayo ina kizio, kilekile cha y. Ukiandika m = 4 bila kizio umeandika nusu ya jibu.

Tuchukue kitu cha jikoni. Kwenye mtungi wa gesi, ama shingoni ama kwenye mkono wa kushikia, pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Tuseme wako umeandikwa kilo 7.2. Unauweka kwenye mizani siku ya nne tangu uununue, unasoma kilo 12.4. Siku ya kumi na nne unasoma 10.4. Mteremko ni badiliko la y kugawanya kwa badiliko la x: 10.4 toa 12.4 ni −2.0, gawanya kwa 14 toa 4 ambayo ni 10, unapata −0.2. Jikoni pako panakula gramu 200 kwa siku. Ukianza na nukta ya pili juu, anza nayo na chini pia, anayetoa 12.4 − 10.4 juu na 14 − 4 chini anapata +0.2, na gesi yake inaongezeka kila anapopika.

Sasa c. Chukua nukta yoyote moja, toa mx: 12.4 − (−0.2 × 4) = 12.4 + 0.8 = 13.2. Huo ndio uzito wa mtungi siku ya sufuri, yaani dukani. Ukitoa 7.2 unabaki na kilo 6 kamili, ambazo ndizo ulizolipia. Kama hesabu ingekupa kilo 5.3 badala ya 6, una la kumuuliza muuzaji, na una namba mkononi.

Gesi itakwisha lini? Hapa wengi wanakimbilia mahali mstari unapoukata mhimili wa x: 13.2 gawanya kwa 0.2, siku 66. Lakini siku ya 66 ni siku ambayo mtungi wenyewe, chuma na vyote, ungekuwa na uzito wa sufuri. Gesi inakwisha mstari unapofika 7.2, na hiyo ni (13.2 − 7.2) ÷ 0.2, siku ya 30. Mhimili wa x una haki ya kuitwa mwisho pale tu ambapo sufuri ya y ndiyo mwisho wa kitu unachokipima.

Mizani mbili zinazofanana kwa jiwe moja

Mfano wa mizani ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kwa nini nukta moja haitoshi.

Mizani ya kuning'inia, yenye springi na mshale. Unatundika jiwe la mizani la kilo 1, mshale unasoma 1.1. Mizani ni mbovu, hilo liko wazi. Ubovu gani? Huwezi kujua. Tundika jiwe la kilo 5. Mizani ya kwanza inasoma 5.1, ya pili inasoma 5.5. Kwa jiwe la kilo 1 zilikuwa pacha. Kwa jiwe la kilo 5 zimeachana.

Ya kwanza: m = (5.1 − 1.1) ÷ (5 − 1) = 1, na c = 0.1. Springi yake ni nzima. Kila kilo inayoongezwa inasomwa kilo moja. Tatizo ni mahali pa kuanzia: ama mshale haukurudi kwenye sufuri, ama sinia lilibadilishwa likawekwa zito zaidi na hakuna aliyerekebisha. Skrubu ya kurudisha mshale kwenye sufuri inamaliza ugonjwa huu.

Ya pili: m = (5.5 − 1.1) ÷ 4 = 1.1, na c = 0. Ikiwa tupu mshale unakaa kwenye sufuri sawasawa, kwa hiyo mteja anayeangalia mshale kabla ya kupimiwa anaridhika. Lakini springi imelegea, au imebadilishwa ikawekwa laini, na kila kilo inavutwa zaidi ya inavyostahili. Kuizungusha skrubu ya sufuri hakusaidii chochote. Utaisogeza c na m itabaki 1.1 ileile. Hii inahitaji fundi wa mizani, ama springi mpya.

Ipo na ya tatu, yenye magonjwa yote mawili: kilo 1 inasoma 1.25, kilo 5 inasoma 5.65. Hesabu mwenyewe, utapata m = 1.1 na c = 0.15.

Nani anaumia? Kwenye mizani ya kwanza, mama anayenunua dagaa nusu kilo anapata kilo 0.4 halisi. Amepoteza gramu 100 kati ya 500, moja ya tano ya pesa yake. Mwenye hoteli anayenunua kilo 10 kwa mkupuo mmoja anapoteza gramu hizohizo 100, asilimia moja tu. Kwenye mizani ya pili nusu kilo ya kwenye mshale ni kilo 0.45 hivi, na kilo 10 ni kilo 9.09: wote wawili wanapoteza sehemu ileile, kama asilimia 9. Ubovu wa c unamla mnunuzi mdogo. Ubovu wa m unawala wote kwa uwiano. Sioni mfano ulio wazi zaidi ya huu wa kumweleza mtoto kwa nini herufi hizi mbili si kitu kimoja.

Kwa hiyo kosa la kujumlisha, linaloongeza kiasi kilekile kwa kila kipimo, hukaa kwenye c. Kosa la kuzidisha, linalokua kadiri kipimo kinavyokua, hukaa kwenye m. Twende nalo maabara.

Pendulamu, na sentimita moja iliyosahauliwa

Jaribio ni lile la kila mwaka. Uzi, goroli, stendi, vipande viwili vya kizibo vya kubana uzi, rula ya mita na stopwochi. Unaupa uzi urefu l, unaisukuma goroli kidogo pembeni, unahesabu mizunguko 20, unagawa muda kwa 20 kupata T, muda wa mzunguko mmoja. Unabadilisha urefu, unarudia. Kanuni inasema T² = (4π²/g) × l, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, karibu 9.8, kwa hiyo ukichora T² kwenye mhimili wa wima dhidi ya l kwenye mhimili wa mlalo, unapata mstari unaopita kwenye sufuri wenye mteremko wa 4π²/g. g inatoka kwa kugawa 39.48 kwa mteremko huo.

Urefu l unatakiwa upimwe kutoka kizibo kinapobana uzi mpaka katikati ya goroli. Mwanafunzi anapima mpaka uzi unapoishia, juu ya goroli. Goroli ina kipenyo cha sentimita 2, kwa hiyo kila urefu alioandika umepungua kwa sentimita 1. Ameandika sentimita 20, ukweli ni 21. Ameandika 80, ukweli ni 81. Kosa la kujumlisha.

Vipimo vyake: kwa l = 0.20 m anapata T² = 0.846 s², na kwa l = 0.80 m anapata 3.263 s². Akichukua kipimo cha kwanza peke yake na kuingiza kwenye kanuni, g = 39.48 × 0.20 ÷ 0.846 = 9.33. Vibaya. Akichora mstari: m = (3.263 − 0.846) ÷ (0.80 − 0.20) = 4.028, na g = 39.48 ÷ 4.028 = 9.80. Sawa kabisa, ilhali kila urefu kwenye jedwali lake una kosa! Sentimita ile moja ilikuwemo ndani ya 0.80 na ilikuwemo ndani ya 0.20, ikajifuta kama sita ya saa ya Kiswahili.

Haikupotea, lakini. Imehamia kwenye c. Mstari haupiti kwenye sufuri, unakata mhimili wa wima kwenye 0.846 − 4.028 × 0.20 = 0.040 s². Na ukiurefusha nyuma mpaka uukate mhimili wa mlalo, utaukata kwenye −0.01 m. Sentimita moja, nusu kipenyo cha goroli. Mstari umekutajia kosa lako na ukubwa wake. Wakati mwingine huwezi kufika katikati ya mzigo kwa rula, kwa mfano mzigo wa umbo la ajabu, na hapo ndipo watu wa maabara hupima kwa makusudi mpaka mwisho wa uzi na kuuachia mstari kazi ya kutafuta kilichobaki.

Kinachoharibu haya yote ni kulazimisha mstari upite kwenye sufuri kwa sababu "kanuni inasema hivyo." Mwanafunzi anaweka rula kwenye sufuri, anaikokota mpaka ipite karibu na nukta za juu, na mteremko wake unazidi kuliko inavyotakiwa. Lile kosa lililokuwa limejitenga vizuri kwenye c amelirudisha kwenye m. Acha nukta ziseme. Mstari usipopita kwenye sufuri, andika c uliyoipata na ueleze inatoka wapi. Maelezo hayo yana thamani kuliko mstari uliolazimishwa upite kwenye sufuri.

Sasa kosa la pili la pendulamu, ambalo mstari haukusaidii. Mwanafunzi anabonyeza stopwochi na kusema "moja" palepale goroli inapoanza. Anaposimamisha kwenye "ishirini", mizunguko iliyokamilika ni 19. Anagawa kwa 20. Kila T yake imezidishwa kwa 19/20, na kila T² kwa 0.9025. Hilo ni kosa la kuzidisha. Grafu yake itakuwa safi, nukta zimejipanga, mstari unapita kwenye sufuri kama kitabu kinavyosema, na g itatoka 9.8 ÷ 0.9025, karibu 10.86. Hakuna kitu kwenye karatasi kitakachomwonya. Anza kuhesabu na "sufuri" goroli inapopita katikati, mahali inapokwenda kasi zaidi, maana hapo ndipo jicho linakosea kidogo muda wa kupita. Pembe ya kusukumia isizidi kama nyuzi 10, vinginevyo kanuni yenyewe inaanza kulegea. Na ukiwa karibu na Ikweta ukapata 9.78, usijilaumu: g huku kwetu ni ndogo kidogo kuliko kule karibu na ncha za dunia.

Betri: kupima c na kusahau m

Betri ina volti zake za ndani, E, na ina ukinzani wake wa ndani, r. Mkondo I ukipita, volti zinazobaki kwenye vichwa ni V = E − Ir. Panga upya ifanane na y = mx + c: V = (−r)I + E. Mteremko ni −r, na mahali pa kukatia ni E. Tuseme vipimo ni hivi: kwa ampea 0.1 unasoma volti 1.45, kwa 0.2 unasoma 1.40, kwa 0.3 ni 1.35, kwa 0.4 ni 1.30, kwa 0.5 ni 1.25. Mteremko ni (1.25 − 1.45) ÷ (0.5 − 0.1) = −0.5 volti kwa ampea, yaani omu. Kwa hiyo r ni omu 0.5, chanya, alama ya kutoa ilikuwa ya kwenye mlinganyo. Anayeandika r = −0.5 Ω amesoma m vizuri akasahau kwamba m ni −r.

E tunaisoma wapi? Hapa skeli inawaponza wengi. Kwa kuwa volti zote ziko kati ya 1.25 na 1.45, ni busara kuanza mhimili wa wima kwenye 1.20 ili mstari uenee kwenye karatasi. Hilo halina madhara kwa c. Lakini mwanafunzi anaanza na mhimili wa mlalo kwenye 0.1, kwa sababu ndiko vipimo vyake vinakoanzia, halafu anasoma mahali mstari unapogusa mhimili wa wima: 1.45. Anaandika E = 1.45. Si kweli. c ni thamani ya y pale x ilipo sufuri, na kwenye karatasi yake x sufuri haipo kabisa. Ukikata mhimili wa wima, c inabaki kusomeka mradi ukurasa unaifikia. Ukikata mhimili wa mlalo, c haisomeki. Itabidi uihesabu: 1.45 + 0.5 × 0.1 = 1.50. Kabla ya kuisoma c kwenye grafu yoyote, iwe yako au ya gazetini, angalia kwanza kona ya chini kushoto imeandikwa nini.

Betri hii ina faida nje ya darasa. Ukipima betri kwa mita bila kuiunganisha na kitu, mkondo ni karibu sufuri, na unachokisoma ni c peke yake. Betri inapochakaa E hushuka, lakini mara nyingi r ndiyo hubadilika zaidi. Ndiyo maana betri ya gari inaweza kusoma volti 12.6 gari likiwa limetulia, na ukipiga stata inatoa mlio wa "tak" na kunyamaza. Chukulia stata inavuta ampea 150. Betri yenye r ya omu 0.01 inabaki na 12.6 − 1.5 = volti 11.1, na gari linawaka. Yenye r ya omu 0.03 inabaki na 12.6 − 4.5 = volti 8.1, na haliwaki. c ni ileile, m imebadilika. Fundi anayejua kazi hupima mtu mwingine akiwa anapiga stata, na sababu ni hii: anatafuta nukta ya pili ya mstari.

Penseli, rula, na pembetatu kubwa

Machache ya mkononi, maana hapa ndipo alama zinapotea bila sababu.

Chagua skeli ambayo sentimita moja ni 1, 2 au 5 ya kitu, au hizo zikizidishwa au kugawanywa kwa kumi. Skeli ya 3 au 7 itakufanya ukisie kila nukta. Tumia rula inayopitisha mwanga ili uone nukta zilizo chini yake, na uchore mstari mmoja mwembamba ulio na nukta karibu sawa juu na chini yake. Usiunganishe nukta moja moja kama mlolongo. Nukta moja ikiwa imejitenga mbali na wenzake, rudia kipimo hicho kabla hujavunja vifaa.

Mteremko uchukue kwenye mstari, si kwenye jedwali. Nukta za jedwali zina makosa yake, na mstari ndio uliosawazisha makosa hayo; ukirudi kwenye jedwali umetupa kazi yote uliyoifanya. Tafuta sehemu mbili ambapo mstari unapita kwenye makutano ya mistari ya karatasi, moja iwe mbali na nyingine. Ukisoma kwa kosa la milimita 1 kwenye pembetatu yenye upande wa sentimita 2, kosa lako ni asilimia 5. Milimita hiyohiyo kwenye upande wa sentimita 15 haifiki asilimia 1. Chora pembetatu yenyewe, uandike namba za pande zake, ili msahihishaji aone ulikozipata.

Kwenye maswali yasiyo na grafu, kosa linalojirudia ni kusoma m kabla ya kupanga mlinganyo. 2x + 3y = 12 haina mteremko wa 2. Hamisha: 3y = −2x + 12, gawa kila kitu kwa 3, y = −(2/3)x + 4. Mteremko ni −2/3 na c ni 4. Wapo wanaogawa −2x kwa 3 na kuiacha 12 ilivyo. Njia ya kujihakiki ni ya sekunde tano: weka x = 0 kwenye mlinganyo wa mwanzo, 3y = 12, y = 4. Ikilingana na c yako, endelea. Mistari inayokwenda sambamba ina m moja na c tofauti. Inayokatana kwa pembe mraba, m zake zikizidishwa hutoa −1, kwa hiyo anayeukata huo wa juu kwa pembe mraba ana mteremko wa 3/2.

Limebaki suala la kurefusha mstari nje ya vipimo. Kurudi nyuma kutafuta c ni kurefusha vilevile, na mara nyingine kunatoa hazina: ukichora ujazo wa gesi dhidi ya joto lake kwa Selsiasi, kwa kanieneo isiyobadilika, kisha ukaurefusha mstari kushoto mpaka uukate mhimili wa mlalo, unafika karibu na −273, sufuri halisi ya joto, ingawa hakuna gesi ya kawaida inayobaki gesi mpaka huko. Lakini mstari haujui unakokwenda. Mtoto mchanga huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50, na akitimiza mwaka ana kama 75. Nukta mbili, m = sentimita 25 kwa mwaka, c = 50, hesabu haina kasoro hata moja. Weka x = 10, na utapata mtoto wa darasa la nne mwenye urefu wa mita tatu. Kwa hiyo kila unapoandika mlinganyo wa mstari, andika na mipaka yake pembeni: x kutoka wapi mpaka wapi ulipima kweli.